Valvu Yenye Tisini na Nne

Mzee Sharifu wa Lushoto alikuwa na tabia moja iliyowachekesha watu wote wa sokoni: alikuwa anasalimia valvu. Sifanyi utani. Akishachomeka valvu kwenye mashine yake ya kupimia, ile ya kijivu yenye mshale na vitufe vingi, anainama, anaisogelea kama mtu wa heshima, kisha anaanza kwa Kishambaa: onga maundo, umeamkaje, wa nyumbani hawajambo, watoto je, mama watoto je, ng'ombe wanakamuliwa, maharage yametoka, huko kwenu mvua imenyesha? Wateja wageni waliokaa kwenye benchi walikuwa wakisogeleana kidogo, wakidhani mzee ana mambo na majini.

Hakuwa na mambo na jini yeyote. Valvu, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ni ile chupa ndogo ya kioo iliyofanya kazi ndani ya redio na amplifaya za zamani. Ndani yake mna kiwaya kinachowaka, na mpaka kiwaya hicho kipate moto wa kutosha, valvu haina nguvu ya kitu chochote. Ukiipima ingali baridi, mshale utakudanganya mchana kweupe. Na Lushoto mwezi wa saba, ukungu unapoingia mpaka ndani ya viatu, kupata moto ni kazi hata kwa binadamu. Mzee hakuwahi kuamini saa ya mkononi, lakini salamu ya Kishambaa iliyo kamili, isiyoruka hata ng'ombe mmoja, ilimpa dakika mbili na ushei. Akimaliza salamu, anasoma mshale. Chini ya arobaini ni rangi nyekundu, valvu imekufa. Arobaini mpaka sabini ni manjano, inachechemea. Juu ya sabini ni kijani, nzima, irudishe kazini. Kwa kanuni hiyo alipima miaka hamsini, na kutoka Magamba mpaka Magoma hakuna aliyembishia.

Kisha macho yake yakaanza kufifia. Ukungu ukaingia, safari hii si wa mlimani bali wa machoni, na mshale ukapotea humo. Ndipo Hawa, binti yake, alipoanza kumsomea. Mzee anasalimia, Hawa anasoma, mzee anauliza, "Umefika wapi?" Hawa anajibu, "Sabini na sita, Baba." Miaka minane walikwenda hivyo. Polepole mikono ya mzee nayo ikaanza kutetemeka, Hawa akashika chuma cha kulehemu waya. Mzee akachoka kusimama, Hawa akashika wateja. Ukiuliza ni nani hasa aliyekuwa akitengeneza redio katika lile banda la mbao nyuma ya stendi, jibu lilikuwa wazi kwa kila mwenye macho. Kwa bahati mbaya aliyetakiwa kuliona jambo hilo ndiye aliyekuwa hana macho.

Basi mwaka huu, wiki ile ya baridi kali, Nassoro akapanda kutoka Dar es Salaam. Nassoro ni kaka yake Hawa, kifungua mimba wa Mzee Sharifu. Ana cheti cha ufundi, ana duka la simu Kariakoo, na nitamtendea haki mapema: si mtu mbaya. Alikuja na wazo lake, akaliweka mezani Alhamisi baada ya chakula cha usiku. Baba amezeeka, banda liko mahali pazuri, mabasi ya Mombo yanashusha watu hapo hapo mlangoni. Yeye Nassoro angetoa yale makabati ya vioo vya zamani, aweke kava za simu, chaja na spika ndogo. Atamweka kijana wa kuuza. Hawa naye atapata nafasi ya kupumzika.

"Kupumzika?" Hawa aliuliza.

"Valvu nani anazo siku hizi, mdogo wangu?"

Hawa alitaka kumtajia mmoja mmoja. Mzee akanyanyua mkono. Alisema amesikia, na Jumamosi atatoa uamuzi wa banda, mbele yao wote wawili, na akishatoa hataki kusikia mtu ananung'unika. Alisema "banda", akimaanisha pamoja na mashine, makabati, jina, na kila kitu. Hawa hakulala vizuri. Hakuwa na kazi nyingine aliyoijua, wala aliyoitaka. Kilichomkera zaidi ni kwamba mzee alikuwa ameshaegemea kwa Nassoro. Ungeweza kuyasikia hayo kwenye sauti yake jinsi alivyokuwa akitamka neno "cheti".

Jumamosi asubuhi, kabla hata chai haijapoa, pikipiki ikasimama mlangoni. Nyuma yake imefungwa amplifaya, imevikwa blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Aliyeshuka ni Mwalimu Kristian, kiongozi wa kwaya ya Walutheri wa Kwai.

"Shikamoo Mzee Sharifu."

"Marahaba, Mwalimu. Kwai wazima?"

"Watu wazima. Mgonjwa ni huyu." Akalifunua blanketi. "Kesho ni sikukuu ya mavuno, Mzee. Watu wanatoka mpaka Shume. Na huyu bwana akiwashwa anaimba vizuri nusu saa tu. Ikipita nusu saa anaanza kukoroma, kwaya yote inasikika kama imefunikwa gunia, halafu inakuja harufu ya kuungua. Nimenunua ya kisasa mara mbili, zote zimekufa kwa huu umeme wetu wa kupanda na kushuka. Hii ilikuwapo kabla sijazaliwa. Sitaki kuizika."

Mzee Sharifu akasugua magoti yake. Kisha akasema jambo ambalo, ukimjua, ungejua lilikuwa likimkaa moyoni tangu Alhamisi.

"Vizuri. Hapa hapa ndipo nitakapoamua. Atakayemfanya huyu aimbe kesho mpaka watu watawanyike, banda ni lake. Nassoro, wewe mkubwa, anza."

 Kama ni hivyo, Hawa alijiambia, basi ni hivyo.

Nassoro akakunja mikono ya shati. Akafungua amplifaya kwa ustadi, nami sitamnyima sifa yake. Skrubu zilipangwa kwa mstari juu ya gazeti. Zile valvu ndogo akaziacha. Akachomoa zile mbili kubwa, zinazobeba kazi ya kusukuma sauti, akazipangusa vumbi. Akaenda kwenye kabati la baba yake akapata nyingine mbili za aina hiyo hiyo, zilizotumika. Jumla nne. Akaziandika kwa kalamu: moja, mbili, tatu, nne. Ya kwanza na ya pili ni za Kwai, ya tatu na ya nne ni za kabatini.

Akachomeka ya kwanza. Akarekebisha kitufe cha umeme mpaka mshale ukasimama juu ya alama nyeusi, kama inavyotakiwa. Akahesabu kidogo kwa vidole, akabonyeza. Mshale ukainuka, ukachoka, ukalala kwenye nyekundu.

"Imekufa," alisema Nassoro. Ya pili, nyekundu. Ya tatu, nyekundu. Ya nne ndiyo kabisa, mshale ulitikisika tu kama mtu aliyekatazwa kuamka. "Baba, zote zimekwisha. Dawa ni kutoa matumbo yote ya huyu mzee na kumwekea bodi ya kisasa ndani. Ninayo moja kwenye begi. Jioni anaimba."

"Umezisalimia?"

"Baba..."

"Nimeuliza umezisalimia?"

Nassoro akacheka, akaiinamia valvu. "Mambo vipi?"

"Hiyo ni salamu au umekohoa?" mzee akauliza. Hata Mwalimu Kristian alishindwa kujizuia. "Sogea hapa. Rudisha ya kwanza."

Mzee akajikokota mpaka mbele ya mashine, akashika ukingo wake kwa mikono miwili, akaanza. Onga maundo. Akauliza nyumbani, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, maharage na mvua. Alipomaliza, Hawa aliyesimama nyuma yake akabonyeza na kusoma.

"Tisini na nne, Baba."

"Ee!" Uso wa mzee ukachanua. "Tisini na nne! Hiyo ni kijani ya ndani kabisa. Na kuna mtu alitaka kuizika."

Ya pili, baada ya salamu yake, ikasoma sitini na mbili. Ya tatu, sitini. Zote manjano. Ya nne ikapewa salamu nzima, hata akaulizwa habari za wajomba, isipande zaidi ya thelathini na moja. Hiyo ilikuwa maiti kweli, Mungu aiweke pema.

Mzee akatoa hukumu kama alivyozitoa miaka hamsini. Ya kwanza ni nzima. Ya pili inachechemea, na hiyo ndiyo inayoharibu sauti ya Kwai. Inahitajika nyingine yenye nguvu ya kulingana na ya kwanza, na humu kabatini haimo. Mpaka iagizwe Ulaya. Mpaka ifike, miezi miwili. Kila mmoja akajua anachoelekea kusema.

"Kwa hiyo, kwa kesho, labda ile bodi ya Nassoro..."

Hapo ndipo lilipomjia Hawa jambo la Bibi Saumu.

Bibi Saumu wa Magoma alikuwa na redio ya valvu iliyorudi bandani mara tatu mwaka juzi, kila mara na kisa kile kile: inaimba kidogo, halafu inakoroma. Kila mara walipima. Kila mara valvu yake kubwa ilisoma tisini na kitu, mzee akasema nzima, redio ikashuka tena Magoma, bibi akaipandisha tena kwa matusi. Safari ya tatu, Hawa alikuwa ameichomeka, salamu imeisha, namba imesomwa, mara mama wa chapati akamwita nje. Alikaa huko dakika kumi. Aliporudi alikuta mshale haupo pale alipouacha. Ulikuwa umepita mia, umekwenda kugonga ukuta wa kioo upande wa pili, na valvu inafuka joto. Akaibadilisha kimyakimya kwa nyingine iliyosoma sitini na tano, na tangu siku hiyo redio ya Bibi Saumu haijarudi. Aliendelea kuchunguza, moja moja, kwa mwaka mzima. Valvu nzima hupanda, ikifika kwake ikakaa. Ile inayoendelea kupanda salamu ikishaisha, hiyo haina nguvu. Hiyo ina homa.

Lakini hakumwambia baba yake. Utaanzaje? Utasimama mbele ya mtu aliyepima valvu tangu wewe hujazaliwa, umwambie salamu yako inaishia mapema? Hawa alinyamaza, akawa anabadilisha kimyakimya. Sasa kunyamaza kulikuwa kunakwenda kumnyang'anya banda.

Akapiga moyo konde.

"Baba, naomba kusema."

"Sema."

"Ya kwanza ndiyo mgonjwa."

Nje, kondakta wa basi la Mombo alikuwa akiita abiria.

"Ya kwanza ipi?" mzee akauliza.

"Hiyo ya tisini na nne. Ya pili na ya tatu, hizi za sitini, ndizo nzima. Tuweke hizo mbili."

"Hawa!" Sauti ya mzee ilipanda mpaka Mwalimu Kristian akaanza kutazama viatu vyake. "Unaniambia yenye nguvu ni mbovu, na vilema ndio wazima? Mbele ya mteja? Mimi ndiye niliyekufundisha!"

"Ndiyo, Baba. Ulinifundisha vizuri." Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilimshangaza yeye mwenyewe. "Ila hapa pana jambo hukunifundisha kwa sababu ulikuwa hulioni. Naomba uisalimie tena. Mara mbili."

Nadhani mzee alikubali kwa hasira tu, ili amwaibishe. Valvu ya kwanza ikarudishwa kwenye mashine. Mzee akaanza salamu upya, kwa sauti ya mtu anayegombana. Alipofika kwenye mvua, Hawa akasoma.

"Tisini na nne. Endelea, Baba."

"Nimemaliza."

"Usimalize. Muulize mengine."

Mzee akakunja uso. Akauliza habari za wajomba. Akauliza bei ya kabichi, akauliza kama barabara ya Soni imetengenezwa, akauliza mazishi ya nani yamepita na harusi ya nani inakuja.

"Tisini na tisa," Hawa alisema. "Mia moja na mbili. Mia moja na tano."

Mzee akakatisha salamu. Akageuza kichwa upande mwingine kabisa, kule alikosimama mwanawe wa kiume.

"Nassoro. Mshale uko wapi?"

Hawa akafumba macho. Hakuna aliyekuwa na sababu ndogo ya kumsaidia kuliko Nassoro. Angeweza kusema tisini na nne, na nani angembishia? Mwalimu Kristian hakujua kusoma ile mashine, na mzee hakuona. Banda lote lilikuwa limening'inia kwenye ulimi wa mtu aliyelitaka.

Nassoro aliutazama mshale kwa muda. 

"Mia moja na nane, Baba," akasema. "Na bado unapanda."

Hawa akafumbua macho, akamtazama kaka yake. Angeweza kumkumbatia pale pale.

"Funga dirisha, Kaka," akamwambia.

Dirisha la mbao likafungwa, giza likaingia bandani, na ndani ya kile kioo wakaona bati la kati la valvu likianza kuiva, wekundu unaanzia kwenye kona moja na kusambaa kama kaa linalopulizwa. Nassoro akapiga mluzi. Akamwelezea baba yake alichokiona. Mzee akanyoosha kiganja karibu na kioo, akakirudisha haraka.

"Ndiyo maana inakoroma baada ya nusu saa," Hawa alisema. "Inajaa homa, inavuta umeme wote, mwenzake anabaki anahangaika. Hizi mbili za sitini ni kama watu wawili wanaobeba ubao kutoka Shume. Si lazima wawe majitu. Wawe wa kimo kimoja tu, ubao utafika."

Ulikuwa ushindi, lakini haukuwa umekamilika, kwa sababu mzee alikuwa mkaidi kama mlima wenyewe. Alikaa kwenye stuli, akafikiri, akasema moto ni moto na joto ni joto, lakini hajawahi kuona amplifaya ikiimba kwa valvu mbili za manjano. "Weka. Tutasikiliza saa nzima hapa hapa."

Hawa akaweka. Akafunga skrubu, akachomeka waya, akaweka kidole kwenye kitufe. Pap! Umeme ukakatika. Si bandani tu, mji mzima. Ungesikia watu wa saluni wakilalamika barabara nzima. Wakasubiri mpaka adhuhuri. Wakasubiri mpaka alasiri. Mwalimu Kristian akatazama ukungu unavyoshuka, akasema hawezi kuendesha gizani kwenye utelezi ule.

"Mzee, niamueje? Bodi au valvu?"

"Muulize aliyezipima," mzee akajibu, na haikuwa sifa. "Zikifa kesho mbele ya watu wa Kwai, Hawa, banda ni la Nassoro, na mimi na wewe hatutazungumza tena habari ya valvu."

"Mwalimu, beba valvu," Hawa alisema. "Kesho nitakuja kukaa nayo mwenyewe."

Kwai, Jumapili, umeme ulikuwepo na jua lilikuwepo. Madhabahuni hapakuonekana hata sakafu: kabichi, karoti, maziwa kwenye madumu, plamu, kuku waliofungwa miguu, na mbuzi mmoja aliyekuwa akila mapambo. Hawa aliketi kwenye kigoda nyuma ya kwaya, ushungi wake umetulia, amplifaya mbele yake imefunguliwa mgongo. Baba yake alikataa kuingia ndani. Alisema ibada ni ya wenyewe, lakini sauti ni kazi ya banda, kwa hiyo akakalishwa kwenye kiti nje, chini ya ile spika ya honi iliyofungwa juu ya nguzo kuelekea bondeni. Nassoro akasimama kando yake, mikono mfukoni.

Hawa aliwasha saa tatu kasoro robo. Kwaya ikaanza. Sesilia, mwimbaji wao wa kwanza, alikuwa na sauti ya kukata, ya aina ambayo amplifaya mbovu huigeuza kuwa bati. Ilitoka safi. Hawa hakufurahi. Nusu saa ya kwanza hata zamani ilikuwa safi.

Saa tatu na robo. Macho yake hayakutoka kwenye vile vioo viwili. Mchungaji akasoma, watu wakaketi, watu wakasimama. Saa tatu na nusu sauti ikakwaruza, krr. Hawa akainama kunusa. Hakuna harufu. Akatazama mabati ya ndani ya valvu: meusi, yametulia, hakuna wekundu. Krr tena. Akafuata waya kwa macho kutoka amplifaya mpaka kwenye maiki, akamwona yule mbuzi. Alikuwa amemaliza mapambo, sasa anatafuna waya. Hawa alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Akamwonyesha Mwalimu Kristian kwa kidole, mbuzi akaburutwa nje huku akilalamika, na sauti ikarudi kama maji ya kijito.

Saa nne. Saa tano. Ukaja mnada wa mavuno, na hapo ndipo amplifaya hufa, kwa maana dalali haachi kupiga kelele hata apumue. Dalali alinadi kabichi, akanadi kuku, akamnadi mbuzi kwa makosa yake. Akapokezana na kwaya, kwaya ikapokezana na tarumbeta. Kila neno lilitoka jinsi lilivyoingia. Ng'ambo ya bonde watu waliokuwa wakipalilia walisimama, wakaegemea majembe, wakasikiliza. Watoto wao wakacheza. Saa sita na nusu Hawa aligusa mbao za kasha la amplifaya: uvuguvugu tu, kama shavu la mtoto aliyelala. Zile mbili za manjano zilikuwa zimebeba ubao wao saa karibu nne, hazijayumba.

Furaha ilimjaa. Alitamani kusimama juu ya kile kigoda apige kelele.

Mwalimu Kristian akashika maiki kutoa shukrani. Akawashukuru wapishi, wageni, waliojitolea kuchimba choo, kisha akasema, "Na tunamshukuru Fundi Sharifu wa Lushoto, aliyetupa sauti leo. Yuko nje hapo." Watu wakapiga makofi.

Mlangoni pakawa na mkanganyiko kidogo. Mzee Sharifu alikuwa anaingia. Nassoro amemshika mkono, na watu wanapisha. Alitembea katikati ya kanisa na kofia yake ya kufuma, akigusa viti kwa fimbo, mpaka mbele. Akanyoosha mkono hewani, Mwalimu Kristian akamwekea maiki.

"Mimi ni Sharifu," akasema, na sauti yake ikatoka nje kwa honi, ikarudi kutoka mlimani, mpaka akashtuka kidogo. "Nimepima valvu miaka hamsini. Jana nilipima zenu nikakosea. Mbovu niliiita nzima. Hizi mnazozisikia niliziita vilema. Binti yangu alinisahihisha mbele ya mteja, nikamfokea. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Na nimekaa nje pale tangu asubuhi nikisubiri zishindwe, nimesikia kwa masikio yangu. Nimefurahi kukosea. Banda nimempa yeye na mashine nimempa yeye, tangu sasa hivi. Nassoro yuko hapa, anasikia."

"Nasikia, Baba," Nassoro alisema kwa nguvu, na akawa wa kwanza kupiga makofi.

Vigelegele vikalipuka upande wa akina mama. Mzee akapapasa hewani kumtafuta binti yake, Hawa akaja akaushika ule mkono, na mzee akamwachia maiki. Watu wakamsubiri. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta. Hakuwa ameandaa neno.

"Hamjambo," alisema, na kanisa zima likaitikia. "Naitwa Hawa Sharifu. Ni fundi wa redio na amplifaya." Akaisikia sauti yake ikivuka bonde, ikagonga kule ng'ambo kwenye mashamba, safi, bila mkwaruzo. "Banda langu liko Lushoto, nyuma ya stendi. Kesho nafungua saa mbili."